Anza na Ganda: Hotuba kwa Wanaotaka Kujifunza Kujaza Risasi za Bunduki kwa Mkono

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza na wenzetu ambao wanamiliki bunduki za kulengea shabaha au za kuwindia kwa mujibu wa sheria, wamezoea kununua risasi zilizotengenezwa kiwandani, na sasa wanatamani kujifunza kuzijaza wenyewe. Wanaoanza huniuliza zaidi kuhusu baruti: ni aina gani iliyo nzuri, hujazwa kiasi gani, na ni ipi inayoipa risasi kasi kubwa kuliko nyingine. Nawaomba myaweke kando maswali hayo kwa muda, kwa sababu kwa maoni yangu mtu anayeanza na baruti ameanzia mwisho. Anayetaka kuwa mjazaji makini, mwenye kulenga vizuri na kubaki na macho yake mawili, na aanze na ganda, kwa kuwa ganda ndicho kipande pekee cha risasi kinachorudi mkononi mwake baada ya kufyatua, nacho hurudi kikiwa kimeandikwa habari zote za yaliyotokea ndani ya bunduki.

Lakini hata ganda lenyewe lisiguswe kabla ya sheria kusomwa. Ziko nchi zinazomruhusu mwenye leseni ya bunduki kujijazia risasi bila masharti mengi, ziko zinazotaka kibali cha pekee au mafunzo, ziko zinazoweka kikomo cha baruti na fataki unazoweza kuhifadhi nyumbani, na ziko zinazokataza jambo hili kabisa. Aidha, kujaza kwa matumizi yako mwenyewe na kujaza kwa ajili ya kuuza ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria karibu kila mahali. Swali hili liulizwe kwa mamlaka inayotoa leseni za silaha, kabla ya kununua hata kifaa kimoja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba na zinki kwa uwiano wa takriban 70 kwa 30, fataki, kile kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa cha risasi kinachotoka kwenda kwenye shabaha. Pini ya bunduki inapoigonga fataki, kemikali iliyomo huripuka na kutuma mwali kupitia tundu dogo hadi kwenye baruti, nayo baruti inaungua na kugeuka gesi kwa muda mfupi sana. Gesi hiyo haina pa kwenda isipokuwa kukisukuma kichwa mbele na kulitanua ganda pande zote hadi likumbatie kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa inapofyatuliwa. Kwa risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952 na ambayo hadi leo ni chaguo zuri sana kwa mwanafunzi, kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa na taasisi ya viwango vya risasi ya Marekani, SAAMI, ni paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo huwa na paundi thelathini na kitu. Shinikizo la ukubwa huo linazuiwa na chuma cha bunduki, lakini kinachoiziba gesi isirudi nyuma usoni mwa mfyatuaji ni ukuta mwembamba wa ganda.

Ndiyo maana nasisitiza ganda. Kila linapofyatuliwa hutanuka, na kila linaposhindiliwa tena ndani ya kalibu ili lirudie umbo lake hubanwa. Madini yake husogea kidogo kidogo kuelekea shingoni, yaani sehemu nyembamba ya mbele inayokishika kichwa, kwa hiyo shingo hurefuka, na ukuta ulio karibu na kitako hukonda. Baada ya mizunguko kadhaa unaweza kuona nje ya ganda, kidogo juu ya kitako, mstari unaong'aa uliozunguka kama pete. Hiyo ni dalili kwamba ganda linajiandaa kukatika vipande viwili. Hata hivyo macho hayatoshi, kwa kuwa ukuta huanza kuliwa kwa ndani. Chukua waya mwembamba, kama ule wa kubania karatasi, ukunje ncha yake iwe kama kindoano kidogo, kisha uingize ndani ya ganda hadi uguse sakafu yake, na uuvute polepole kuelekea juu huku ukiukandamiza ukutani. Katika ganda zima ncha itateleza bila kikwazo. Katika ganda lililochoka ncha itanasa ghafla kwenye mfereji mdogo, palepale karibu na kitako, na utauhisi vidoleni hata kama kwa nje hakuna dalili yoyote. Ganda la namna hiyo libanwe kwa koleo na kupondwa mdomo ili lisije likarudi mezani kwa bahati mbaya. Ningependa kila anayeanza afanye zoezi hili kwa maganda mengi, mazima na mabovu, kabla hajafungua kopo la baruti, kwa sababu vidole vikishajifunza kuutambua mfereji ule havisahau.

Pamoja na hilo, yachambue maganda kwa kiwanda kilichoyatengeneza, ambacho jina lake limepigwa muhuri kitakoni. Ganda la kijeshi mara nyingi lina kuta nene kuliko la kiraia la aina ileile, na kwa hiyo nafasi iliyomo ndani ni ndogo. Kiasi kilekile cha baruti kitaleta shinikizo kubwa zaidi ndani yake. Tazama pia tundu la mwali. Maganda tunayoweza kuyajaza kwa urahisi yana tundu moja katikati, kwa mtindo wa Mwingereza Edward Boxer, ilhali yale ya mtindo wa Mmarekani Hiram Berdan yana matundu mawili pembeni na pini ya kutolea fataki huvunjika ikilazimishwa humo. Mitindo yote miwili ni ya miaka ya 1860, na inapendeza kujua kwamba mtindo wa Mwingereza ndio uliotawala Marekani, na wa Mmarekani ukaenea Ulaya.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kuna mashine za kushindilia, yaani presi, zinazofanya hatua moja kwa kila mvuto wa mkono, na kuna zile zinazozungusha maganda kadhaa kwa pamoja na kutoa risasi kamili kila mkono unaposhuka. Wanaoanza huvutiwa na hizi za pili kwa kasi yake. Mimi nasema bila kusita kwamba mwanafunzi anunue presi ya hatua moja, maana mashine inayofanya mambo matano kwa wakati mmoja inamtaka mtu anayeweza kuyaangalia matano kwa wakati mmoja, na hilo huja baada ya mazoea. Ongeza seti ya kalibu za aina ya risasi yako, kishikio cha ganda kinachoendana nayo, mizani ya kupimia baruti pamoja na jiwe lake la kuihakikishia usahihi, kalipa ya kupimia urefu, kifaa cha kukatia urefu wa ganda, trei ya kusimamishia maganda, faneli, na miwani ya kukinga macho. Kitabu cha vipimo vya kujazia, kilichochapishwa na kiwanda cha baruti au cha vichwa vya risasi, si nyongeza. Kinunuliwe kwanza kuliko vyote.

Tukishapata maganda mazima, yaliyosafishwa, hatua ya kwanza ya kweli ni kuyarudishia umbo. Paka mafuta maalumu kwa kiasi kidogo sana. Ganda lisilo na mafuta litanasa ndani ya kalibu na kulitoa ni kazi ya kuudhi. Ganda lenye mafuta mengi litapata bonde begani, yaani kwenye mteremko unaoelekea shingoni, kwa sababu mafuta hayabanwi wala hayana pa kukimbilia. Jambo linalowaponyoka wengi hapa ni umbali wa kulirudisha bega nyuma. Katika risasi zisizo na ukingo uliotokeza kitakoni, ganda husimama ndani ya chemba kwa kuegemea bega lake. Ukilisukuma bega nyuma kupita kiasi, ganda litakuwa na uwazi wa kusogea ndani ya chemba, na litakapofyatuliwa litanyooka kuuziba uwazi huo kwa kuuvuta ukuta wake karibu na kitako. Ile pete inayong'aa niliyoitaja mara nyingi hutengenezwa mezani na mjazaji mwenyewe aliyeifunga kalibu yake chini mno. Kwa bunduki yenye komeo, yaani kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, la kuvuta kwa mkono, kulirudisha bega nyuma kwa takriban nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita kunatosha kabisa, na kipimo hicho kichukuliwe kwa kifaa kinachopima hadi begani, kisikisiwe kwa macho.

Baada ya hapo pima urefu. Kwa .308, ganda halipaswi kuzidi milimita 51.18, nalo likifika hapo hukatwa hadi milimita 50.93. Shingo iliyorefuka kupita kiasi hujibana mwanzoni mwa mtutu na kukishika kichwa kisitoke kwa ulaini, na shinikizo hupanda bila wewe kuongeza hata punje moja ya baruti. Ukishakata, kwangua kingo za mdomo kwa ndani na kwa nje.

Fataki ni kitu kidogo kinachostahili heshima kubwa. Ndani yake mna kilipuzi halisi, tofauti na baruti ambayo huungua tu. Fataki zihifadhiwe ndani ya pakiti zake za asili, ambazo zimeundwa kuzitenganisha, na zisimiminwe kamwe ndani ya chupa au kopo, kwa kuwa moja ikilipuka zilizobaki zitafuata. Vaa miwani unapozipachika. Ikae chini kidogo ya usawa wa kitako, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na kila unapomaliza moja pitisha ncha ya kidole juu yake: kidole kinapaswa kuhisi kijibonde. Fataki iliyojitokeza inaweza kugongwa na komeo linapofungwa kwa nguvu, hasa katika bunduki zinazojipakia zenyewe, na risasi ikalipuka kabla ya mtu kufyatua. Niongeze kwamba masalia ya fataki zilizotumika huacha vumbi lenye chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usile wala usivute sigara mezani, osha mikono unapomaliza, na mashine ya kusugulia maganda iwekwe mahali penye hewa, mbali na watoto.

Ndipo tunafika kwenye baruti. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi iliyotokana na nitroselulosi, na baruti tunazotumia leo katika bunduki za kisasa ni wazao wa kazi hiyo. Tofauti kubwa kati ya aina moja na nyingine ni mwendo wake wa kuungua, ambao hutawaliwa na umbo la punje, ukubwa wake na dawa iliyopakwa juu yake. Mambo hayo hayaonekani kwa macho. Punje mbili za kijivu zenye umbo la vijiti zinaweza kufanana kama pacha, mojawapo ikawa ya bunduki ya masafa marefu na nyingine ikaipasua bunduki hiyohiyo kwa uzito uleule. Kwa sababu hiyo mezani kuwe na kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, baruti isiyotumika irudishwe kwenye kopo lake la asili siku ileile, na baruti ambayo haijulikani imetoka wapi isitumike kabisa, hata kama umepewa na rafiki unayemwamini. Kopo lihifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi. Ukilifungua ukakuta harufu kali ya asidi, au vumbi la rangi ya kutu, baruti hiyo imeharibika.

Kiasi cha kujaza hakitoki kwangu, wala kwa mwanachama mkongwe, wala kwenye ukurasa ulioandikwa na mtu asiyefahamika. Kinatoka kwenye kitabu cha kiwanda, na kinafuatwa pamoja na maelezo yake yote: ganda la nani, fataki ya aina gani, kichwa cha uzito na umbo gani. Vipimo hivyo huandikwa kwa greni. Greni 7,000 zinatimiza paundi moja, na greni moja ni takriban miligramu 65. Kiasi kinachoingia ndani ya ganda la .308 ni takriban gramu 3, kwa hiyo mtaona kwamba mizani isiyo sahihi si jambo la kupuuzwa. Ihakikishe kwa jiwe lake kila unapoanza kazi, na kama ni ya kielektroniki iweke mbali na upepo wa feni. Anzia kwenye kiasi cha chini kilichoandikwa. Kitabu kikitaja kiasi cha juu pekee, desturi ni kupunguza asilimia 10 na kupanda kutoka hapo polepole. Wala mtu asidhani kwamba kupunguza sana ni usalama wa ziada, maana ziko baruti za mwendo wa polepole ambazo zikipunguzwa chini ya kiasi cha chini huweza kuungua kwa namna isiyotabirika na kuleta shinikizo la hatari.

Maganda yote yakishatiwa baruti, yakiwa yamesimama kwenye trei, chukua tochi uyamulike kwa juu, safu baada ya safu. Mnapaswa kuona usawa uleule wa baruti katika kila shingo. Lenye kina zaidi au lililojaa zaidi hujionyesha papo hapo. Mimi hupendelea baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu, kwa sababu mtu akisahau na kumimina mara mbili itafurika na kumwagika mezani. Ganda lisilotiwa baruti kabisa nalo lina hatari yake: fataki pekee inaweza kukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakikuta hapo. Mtu akisikia mlio dhaifu kuliko kawaida asifyatue tena. Aelekeze mtutu mahali salama, asubiri kidogo, aitoe risasi iliyomo kama ipo, na kuuchungulia mtutu kutoka upande wa chemba kabla ya kuendelea. Hakuna redio, simu wala mazungumzo wakati wa hatua hii. Ukiitwa, malizia ganda lililo mkononi, au limwage urudie kulijaza upya.

Kukipachika kichwa ndiyo hatua inayobaki. Kina chake kifuate kitabu, kwa sababu kichwa kikizama sana nafasi ya gesi hupungua, na kikichomoza hadi kugusa mwanzo wa mifereji ya mtutu shinikizo hupanda vilevile. Baadaye, mtu akishakomaa, atachezea kina hicho kwa vipimo vidogo akitafuta mahali bunduki yake inapolenga vizuri zaidi, na hapo ndipo raha kuu ya burudani hii ilipo. Wako wanaodhani kwamba tunajaza ili kuokoa fedha. Ni kweli kwamba ganda ndilo kipande cha bei kubwa katika risasi na sisi tunalitumia tena na tena, lakini mtu anayejaza kwa uangalifu huishia kufyatua zaidi kuliko zamani. Tunachopata hasa ni risasi iliyoshonwa kwa kipimo cha bunduki moja, na uwezo wa kuendelea kutumia bunduki za zamani ambazo viwanda vimeacha kuzitengenezea risasi.

Uwanjani, fyatua za kiasi cha chini kwanza, na baada ya kila moja okota ganda ulitazame kabla ya kuweka nyingine. Fataki yenye kingo za mviringo ni ya kawaida; iliyobapika hadi kujaza kona zote za tundu lake, au iliyotobolewa na pini, inakuonya. Alama inayong'aa kitakoni, iliyochapwa na kipande cha komeo kinachosukuma ganda nje, inakuonya zaidi. Komeo likiwa gumu kuinuka, simama hapo hapo. Risasi zilizobaki za kiasi hicho na vilivyo juu yake zirudi nyumbani, zifumuliwe kwa nyundo maalumu ya kuchomolea vichwa, na kosa litafutwe. Dalili hizi hazijitokezi zote kila mara, na bunduki nyingine hazionyeshi lolote mpaka shinikizo limeshapita mipaka, kwa hiyo kutokuziona si ruhusa ya kukipita kiasi cha juu cha kitabu. Kama unacho kifaa cha kupimia kasi ya risasi, kitumie: kasi inayozidi ile iliyoandikwa kitabuni maana yake ni kwamba shinikizo nalo limezidi.

Kila boksi la risasi ulizojaza liandikwe siku hiyohiyo aina ya ganda na mara ngapi limekwisha kufyatuliwa, fataki, baruti na uzito wake, kichwa, urefu wa risasi nzima, tarehe, na bunduki iliyokusudiwa, na maelezo hayohayo yaandikwe daftarini, yakiachiwa nafasi ya kutosha upande wa kulia kwa ajili ya yale utakayoyasoma kwenye maganda utakaporudi kutoka uwanjani. Risasi usizoweza kueleza zimejazwa nini zifumuliwe. Na risasi zilizojazwa kwa ajili ya bunduki yako msipeane, hata kama bunduki ya mwenzako ni ya aina ileile, kwa sababu chemba yake si chemba yako.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mezani pale mbele nimeweka maganda mazima na yaliyokwisha, yamechanganywa, pamoja na nyaya zilizokunjwa ncha. Karibuni mpite mmoja mmoja, mchukue waya, na mnitenganishie yapi ni yapi.